Sinia la Alvina Stuebe

Nimelikuta chini ya meza ya tatu,
baina ya taa isiyo na utambi na kopo la vifungo,
siku walipouza vyombo vya marehemu Alvina Stuebe
huko Manitowoc, Jumamosi ya matope na theluji chafu.
Dola nne. Muuzaji akaligeuza, akaguna:
lete tatu, lina mikwaruzo.

Sinia la bati, la duara.
Msichana wa kofia ya kijani ameinua bilauri,
povu limekaa juu yake kama kilemba,
naye ananitazama kwa jicho la mtu
ajuaye jambo ila ameagizwa anyamaze.
Ukingoni: OBERLE NA WANAWE.
Chini ya jina, palipokuwa na neno moja fupi,
pamepita kiraka cha rangi ya maziwa
na maneno membamba, yamejipanga kama watoto wa kanisani:
kinywaji cha nafaka, hakileweshi.

Sheria ilipoingia, Oberle alikuwa na masinia elfu mbili ghalani
na hakuwa na pesa ya kuchapisha mengine.
Kiwanda kikauza barafu. Kikauza chakula cha kuku.
Kikapika sharubati ya shayiri, nyeusi, nzito kama lami.
Masinia akapewa Otilie Zastrow, mjane, mchora mabango,
senti mbili kwa kila moja:
funika lile, andika hili.
Akafunika kuanzia Novemba hadi ziwa lilipoyeyuka,
madirisha yamebanwa, tapentaini puani,
akiizika bia mara elfu mbili kwa mkono wake,
na jikoni, nyuma ya mlango, chini ya kitambaa,
kitu kikitokota bila moto.

Maana kopo la sharubati lilibandikwa onyo:
Usitie hamira.
Usichanganye na galoni tano za maji.
Usiache mahali pa joto siku saba, isije ikachachuka.
Mji mzima ukalisoma onyo lile kwa makini,
ukalifuata kinyume, neno kwa neno,
hata mwalimu wa kwaya.

Nyumbani nimeliinamisha dirishani.
Mikwaruzo hii si ya uzee.
Haikutawanyika, haikugusa shavu la msichana wala kofia.
Yote iko pale pale kwenye kiraka:
ukucha, sarafu, pengine ncha ya ufunguo,
mtu mmoja, jioni baada ya jioni,
akifukua bila haraka.
Ameitoa B. Ameitoa I.
A ameifikisha kiunoni.

Nikampelekea Gaylord Pribyl, kule Two Rivers,
mwenye masinia mia sita ukutani,
asiyeyagusa bila glavu.
Akawasha taa yake ndogo, akasikitika kikweli,
kama daktari wa meno.
Kiraka kingekuwa kizima, alisema,
ningekuandikia hundi ya dola mia tisa sasa hivi.
Hili wameliharibu.
Nikauliza: wameharibu nini hasa?
Akaizima taa.

Njia nzima nilikuwa nalo magotini.
Kumbe kilicho ghali ni uongo usioguswa;
ukweli, ukichokolewa kwa ukucha, ni dola tatu.
Na tena kuna hili, ambalo Pribyl hakuliona, au aliliona:
yale maneno yamepigwa kwa mkono hodari, hayatetereki,
lakini rangi iliyo chini yake ni nyepesi,
nyepesi mno kwa fundi kama Otilie,
kana kwamba aliichanganya na maji kusudi
akamwachia mwingine kazi.

Nimelitundika jikoni, juu ya birika.
Mume wangu anasema nilisugue liishe, au nilitupe.
Sisemi kitu.
Asubuhi, nikingoja maji yachemke,
ninajikuta nimesimama karibu mno,
na kidole gumba kinaniwasha.